Ibada ya Kuiaga Injini

Jumapili, 5 Oktoba

Daftari hili limelala kabatini tangu ibada ya mwaka wa tatu ya marehemu mume wangu, na sina udhuru wa maana. Najiomba radhi mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuombwa. Niliwafundisha watoto wa watu kwamba aandikaye kila siku huona vizuri. Mimi niliacha kuandika, na lililokuwa likija sikuliona.

Limekuja. Kampuni imetangaza kwamba injini ya mwisho ya petroli itatoka katika kiwanda cha hapa kabla ya mwaka mpya. Baada ya hapo, magari ya umeme tu. Mkuu wa Kampuni alionekana kwenye televisheni amevaa tai ya kijani. Alisema wanafanya hivyo kwa ajili ya dunia na vizazi vijavyo.

Sina ugomvi na dunia. Nakumbuka nguo nilizoanika zilivyokuwa zikigeuka kijivu kwa moshi wa barabara kuu. Lakini gari la umeme halina vali, vile vijiti vya chuma vinavyofungua na kufunga matundu ya injini, na sisi tunatengeneza vali. Hatutengenezi kitu kingine. Karakana ya Tsuzuki, watu kumi na mmoja, vali tu — tangu mume wangu Eikichi alipoweka mashine yake ya kwanza ya kukerezea nyuma ya nyumba hii.

Mwanangu Yoshiharu, ambaye ndiye anayeiendesha karakana sasa, alizima televisheni. Akasema supu ina chumvi nyingi. Haikuwa na chumvi nyingi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Niwa amekuja. Niwa Mitsutoshi, wa idara ya manunuzi ya Kampuni. Nilimfundisha lugha alipokuwa sekondari. Alikuwa mtoto wa kusema "sijui" kwa sauti kubwa, bila haya. Siku hizi hasemi tena kwamba hajui.

Alivua viatu, akavigeuza vitazame mlango, akapiga magoti na kunisukumia boksi kwa mikono miwili. Nilipolipokea, mikono yangu ikashuka kwa uzito. Yokani! Halua ile ya maharage, nzito kama tofali, kutoka duka la zamani karibu na hekalu. Mtu hapeleki yokani nzito anapokwenda kusalimia tu. Huipeleka anapokwenda kuomba radhi. Uzito wake husema kabla yake. Basi nilijua kila kitu kabla Niwa hajafungua mdomo. Yoshiharu hakujua. Alisema, "Loo, zawadi kubwa hiyo," akaenda kutafuta kisu.

Niwa alizungumza kwa muda mrefu na kwa adabu isiyo na kasoro. Oda ya vali, hata zile za vipuri, itakoma mwezi wa Machi. Kampuni inasikitika. Hata hivyo kuna kazi ya vishikio, yaani vipande vya chuma vinavyoishikilia betri chini ya gari, na jina la Tsuzuki limo miongoni mwa yanayofikiriwa. Yoshiharu aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

Kisha likaja la pili. Kampuni itafanya ibada ya kuiaga injini, kama washonaji wa kwetu wanavyoziaga hekaluni sindano zilizovunjika. Mtawa atasoma, ubani utafukizwa. Kila karakana italeta kipande chake bora kiwekwe madhabahuni. Na ingekuwa heshima kubwa iwapo Mwalimu angetoa maneno machache ya shukrani kwa niaba ya karakana ndogo.

"Nimshukuru nani?" nikamuuliza.

Akatabasamu. "Injini, Mwalimu."

Jumapili, 19 Oktoba

Hotuba imeletwa, imeshaandikwa. Kampuni inashukuriwa mara nne, injini mara moja. Imeandikwa vizuri, sina cha kusahihisha, na hilo ndilo linaloniudhi.

Yoshiharu ameliuza gari la baba yake, lile la mizigo lililonuka mafuta, akachukua gari jipya la umeme la Kampuni. Kwa Kampuni huendi na gari la wengine; hilo kila mtu hapa analijua. Sasa huendi hata na gari lao la jana. Amenizungusha mjini kidogo. Halitoi sauti. Nilimwuliza kama tumeshaondoka, naye akasema tumeshafika sokoni.

Karakanani, wakati wa chakula, walikuwa wakitaniana juu ya ibada. Banno, fundi mkubwa, aliyeanza kazi na Eikichi, aliwauliza wenzake kama sisi nasi tutasomewa na mtawa yuleyule, na kama ubani utakuwa wa kawaida au wa kuchaji. Nilicheka nyuma ya mlango. Kisha nikaingia, wote wakatazama wali wao.

Ijumaa, 7 Novemba

Niandike kwa mpangilio, maana kichwa kimechemka.

Asubuhi nilikwenda kumwekea Eikichi chai na wali katika madhabahu ya nyumbani. Kando ya picha yake pana vali. Ilikuwa pale siku zote. Ni vali yake ya kwanza iliyokubaliwa na Kampuni, baada ya kumrudishia kazi yake mwaka mzima. Mkaguzi wa wakati ule alimwachia, akamwambia aitazame kila siku ili nyingine zifanane nayo. Naye aliitazama kila siku mpaka alipokufa.

Leo haikuwapo. Palikuwa na duara tu katika vumbi. Ndiyo, vumbi — nami najidai kwamba nafuta kila asubuhi.

Yoshiharu alikuwa akifunga tai. Nilimwuliza, naye hakukana. Aliipeleka jana, pamoja na fomu.

"Walisema kipande bora, Mama. Tunacho bora kuliko hicho?"

Hatunacho.

Ibada ilikuwa leo, na ukumbini kwa Kampuni waliipamba injini kama maiti ya mtu mkubwa. Kitambaa cheupe, maua, machungwa, chupa ya pombe ya mchele. Mbele yake, juu ya sinia za mbao, vipande vya karakana zote: pistoni, springi, gasketi, na vali ya Eikichi. Kila kimoja na kadi yake. Nilivaa miwani. "Vali. Kazi ya Kampuni." Nikasoma ya jirani. "Pistoni. Kazi ya Kampuni." Zote vivyo hivyo. Nilimwuliza msichana wa mapokezi vipande vitarudishwa lini. Alinieleza kwa furaha kwamba havirudi. Vitawekwa katika kabati la kioo, kwenye ukumbi wao wa historia, ili watoto wa shule waje kuviona.

Niliisoma hotuba kama ilivyoandikwa. Sikuongeza neno, sikupunguza neno. Nilimshukuru kila aliyetakiwa kushukuriwa.

Kisha tukaitwa kufukiza ubani. Zamu yangu ikafika. Nikainama, nikatia ubani mara moja, mara mbili, mara tatu. Nikaunyoosha mkono kupita chetezo, nikaichukua vali, nikaitia ndani ya mkono mpana wa kimono nililovaa. Nikainama tena. Nikarudi kuketi.

Mtawa alikosa pumzi moja tu, akaendelea kusoma. Ukumbi mzima uliona! Hakuna aliyesema kitu. Hakuna aliyekohoa. Kwetu jambo lisilo na jina halijatokea. Niwa alikuwa akivitazama viatu vyake.



Jumamosi, 8 Novemba

Vali imerudi mahali pake. Vumbi nimefuta.

Habari zimefika karakanani kabla yangu. Nilipoingia, vijana walisimama, na Banno akavua kofia.

"Mama, nasikia umeiba mali yako mwenyewe."

Wakapiga makofi, glavu kwa glavu, sauti nzito kama ya mito inayokung'utwa. Niliwaambia warudi kazini. Kusema kweli, nilifurahi. Niliporudi ndani nilikula bakuli mbili.

Jumatano, 19 Novemba

Kimya.

Hakuna aliyekasirika. Niwa amenitumia kadi ya majira: majani yamegeuka mekundu milimani, anatumaini baridi hainisumbui. Mwandiko mzuri. Nilimfundisha mimi.

Lakini jana palikuwa na kikao cha vishikio vya betri. Karakana ya Kamiya, ng'ambo ya mto, wameitwa. Sisi hatukuitwa. Yoshiharu alipiga simu, akajibiwa kwamba Bwana Niwa hayupo mezani pake. Akapiga tena baada ya chakula. Bado hayupo mezani pake. Meza gani hiyo isiyo na mtu kutwa nzima?

Tulipokuwa tukila aliweka vijiti chini.

"Mama, peleka yokani."

Nilimwuliza niombe radhi kwa kosa gani. Kwa kuchukua kitu changu, kwenye madhabahu ya watu walioandika jina lao juu ya kazi ya baba yake?

"Hakuna anayeitaka hiyo vali," akasema. "Wanazo elfu. Uliwafanya waone kwamba si yao, basi. Wakaona, na hakuna aliyekuwa na la kusema. Hilo ndilo hawatasamehe."

Kwa miaka yote sikujua kama mwanangu ni mtu wa kuona mambo. Ameniona mimi vizuri. Anasema nikienda, nikiinama, nikairudisha vali kwa mkono wangu, kila mmoja atapata njia ya kutokea. Tutapewa kazi ya vishikio. Kipande cha chuma kilichokunjwa, matundu mawili. Eikichi asingekitumia hata kuzuia mlango.

Nilimwambia sitakwenda. Akaosha vyombo mwenyewe, jambo ambalo hajalifanya tangu mkewe alipoondoka.

Jumapili, 23 Novemba

Leo ni sikukuu ya taifa ya kuwashukuru wafanyakazi. Bendera zimening'inia kwenye mvua.

Banno alikuja. Alipitia mlango wa mbele, yeye ambaye huingia kwa nyuma, amevaa suti ile ya mazishi. Nikajua si matembezi. Alikataa mto, akaketi juu ya mkeka mtupu. Nilimkatia kipande cha mwisho cha yokani ya Niwa. Sukari imeshaganda pembeni. Hakukigusa.

Alizungumzia mvua. Alizungumzia figili zake. Kisha akaeleza kwamba binti yake amerudi nyumbani na watoto, ndoa imekwisha. Na kwamba vijana watatu wa karakana wamekwenda kuulizia kazi kwenye kiwanda cha kufungasha chakula, na kwamba kila mmoja alikwenda kwa siri, wakakutana mlangoni.

Tulicheka kidogo kwa hilo. Kisha akaweka viganja chini na kuinama mpaka nikakiona kisogo chake. Nywele zimebaki chache. Mara ya mwisho kuniinamia hivyo ilikuwa kwenye mazishi ya Eikichi.

"Siku ile nilicheka, Mama, na kesho nitacheka tena. Lakini nenda."

Nilimwambia ainuke. Hakuinuka. Nilimwuliza kama yeye angeirudisha.

"Mimi ningeirudisha juzi."

Yeye ndiye aliyeshika taa, usiku Eikichi alipoikereza vali ile.

Jumanne, 25 Novemba

Ndani ya gari. Uwanja wa magari wa Kampuni. Mvua nyembamba. Naandikia juu ya boksi.

Yokani niliinunua mwenyewe jana, dukani palepale. Niliomba ile nzito. Muuzaji hakuuliza ni ya nini. Aliifunga kwa karatasi isiyo na maua, akaninyooshea kwa macho ya chini, kama anayempa mtu pole. Boksi limeyatia magoti yangu ganzi. Vali iko katika mkono wa kimono. Yoshiharu hajui kama nimekuja nayo. Hakuthubutu kuuliza, na mimi sikumwambia, kwa kuwa nami sijajua nimeichukua nikairudishe au niwe nayo tu.

Nilijiandalia maneno. Nilianza sentensi mara tatu, na mara tatu iliishia kwenye shukrani.

Yoshiharu ametangulia mapokezi na mwavuli. Gari hili halingurumi. Sijui kama amelizima au bado linawaka. Kioo cha mbele kinaendelea kufutwa mvua.

Mlango wa kioo umefunguka. Ni Niwa! Ametoka mwenyewe, bila koti, hajatuma msichana. Nilidhani atatungoja ndani, juu, kwenye viti vyao. Amesimama chini ya ukingo wa paa. Yoshiharu anainama, anainama tena. Ananigeukia — uso umemchangamka kama mtoto aliyefaulu. Ananionyesha kwa kidole: tazama, Mama, tumeletewa zawadi.

Naona. Niwa ameshika boksi. Kwa mikono miwili. Karatasi haina maua. Na mabega yake yameshuka.

Ni zito, kama lile la Oktoba: amekuja kuomba radhi, kazi ya vishikio nayo imekwenda.

Yoshiharu hajaelewa. Hakuelewa mara ya kwanza, na sasa anacheka, ananipungia mkono nishuke. Niwa hanipungii. Ananitazama kupitia kioo hiki kinachofutwa na kulowa, kufutwa na kulowa, na anajua kwamba mimi nimeshamsoma. Anasubiri. Hawezi kunijia mpaka nishuke. Mimi nikishuka, mmoja wetu lazima ainame kwanza.

Boksi lake na boksi langu. Vali katika mkono wa kimono. Karakanani Banno amewaambia wasizime mashine mpaka turudi.

Nitaandika nikishaamua. Yoshiharu amekuja kunifungulia mlango.