Maandishi ya Chaki

Jumatano, Novemba 2007

Nilidhani ni uchafu tu. Kwenye bati la ndani la mlango wa gari la Kimarekani tunalolikarabati, lile la mwaka 1969, kulikuwa na maandishi ya chaki ya njano. Niliyasugua kwa tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, mpaka bati likang'aa, nikajisifu.

Kumbe waliyaandika watu wa kiwandani siku gari lilipoundwa, na mwenye gari anayathamini kuliko hata rangi. Leo mchana amekuja kutoka Hong Kong, akafungua mlango, akauliza ni nani aliyeyafuta.

Laoban, bosi wetu Mchina, alimgeukia Salehe, kwa kuwa ndiye fundi mkuu wa bodi. Akamtukana mbele ya watu wote. Mimi niliinama chini ya gari nikitafuta spana ambayo sikuihitaji.

Salehe ndiye aliyenitoa kubeba mizigo Xiaobei, mtaa wa Waafrika wenzetu hapa mjini, akanileta gereji hii. Ndiye aliyenifundisha kushika msasa. Hakunitaja. Tulipokuwa tunanawa mikono aliniambia, "Umesafisha kwelikweli, mdogo wangu. Hata mama mkwe angekusifu." Akacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe.

Jioni laoban alimwambia Salehe asirudi tena kazini. Kisha akachukua bunduki ya kupulizia rangi ya Salehe, akaninyooshea mimi niichukue. Salehe alikuwa bado anakunja ovaroli yake, anatuangalia.

Hata hapo ningeweza kusema.

Niliipokea kwa mikono miwili.