Nakala ya Kwanza ya Tarehe Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Novemba

Tangazo limekuja tena kwenye simu, mara ya tatu. Programu ninayoandikia kumbukumbu zangu inafungwa tarehe kumi na tano mwezi huu. Kila mtu apakue vyake, vitakavyobaki vitafutwa.

Nina maandishi mia mbili na kumi na mbili mle ndani. Karibu yote ni ya Mama. Alivyokuwa akikunja mifuko ya plastiki pembetatu na kuipanga kwenye droo ya vijiko. Alivyomwita msomaji wa habari wa redioni "huyu bwana", akawa anambishia. Na siku zake zote za kuugua, hadi tarehe ishirini na mbili Juni.

Jioni mdogo wangu kapiga simu. Nilimwambia mwenyewe kwamba programu inafungwa, kwa mdomo wangu huu. Anataka nimtumie yote, ayasome kwa mfuatano. Mwaka ule wa mwisho wa Mama hakuwepo. Nikasema bila shaka.

Baada ya kukata simu nikatoka kwenda dukani.

Nimenunua daftari hili la karatasi. Hili hakuna wa kulifunga.

Jumatano, 5 Novemba

Simu ya mdogo wangu ina programu nyingine, ya kwangu haifunguki huko. Basi nanakili moja moja, nabandika kwenye ujumbe ambao nitamtumia. Chumba cha pasi, saa ya mapumziko, nimekaa juu ya rundo la mashuka ya hoteli. Nimefika kumi na tisa.

Mwenzangu wa pasi, tunayemwita Mama Mvuke, akachungulia, akasema mimi nahamisha nyumba kwa kijiko. Kwa nini nisiende kwa fundi simu anitolee yote kwa mkupuo? Nikajibaraguza. Nikasema napenda kuyasoma tena.

Uongo. Nanakili kwa mkono ili nichague.

Ijumaa, 7 Novemba

Niandike tu. Hapa hapana msomaji.

Tarehe kumi na nne Juni Mama alisema, "Mwite mdogo wako. Nimwone." Niliiandika siku ileile, kama nilivyoandika kila kitu. Kesho yake akasema tena. Tarehe kumi na saba akaniuliza, "Umemwita?" Nikamwambia ndiyo, yuko njiani.

Sikumwita.

Tulikuwa tumegombana, mimi na mdogo wangu. Aliniambia namshika Mama kama vile alinizaa mimi peke yangu. Neno hilo lilinikaa kooni. Nikasema na asubiri kidogo. Daktari alikuwa ametaja miezi. Nilidhani ninayo nafasi ya kununa!

Siku mbili baada ya Mama kutuacha, nyumba imejaa watu, nilijifungia chooni na simu. Nikayabadilisha yale maandishi matatu. "Mama kalala. Katulia." Basi. Mara tatu, maneno yaleyale, hata sikujisumbua kutunga.

Lakini lipo baya zaidi. Wiki ya msiba mdogo wangu aliniuliza jikoni, tunaosha vikombe, "Hata jina langu hakulitaja?" Nikamjibu, "Alikuwa amechoka." Akaendelea kuosha. Alikiosha kikombe kimoja muda mrefu sana.

Miezi mitano sasa anaamini mama yake hakumhitaji.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimefika mia moja na tatu tu, siku zinakwisha. Nikajikaza kisabuni, nikaenda kwa fundi.

Ni mtu mcheshi, miwani imefungwa kwa uzi. Akaiunganisha simu na kompyuta yake. Akanishauri niyatoe kwa maandishi matupu, bila madoido ya programu yoyote. Yatafunguka popote, alisema, hata kwenye simu ya mjukuu wako. Akanionya nisirudie kuweka kitu changu mahali pasipo na mlango wa kutokea. Nikacheka.

Kisha akafungua kilichotoka, akasema kuna folda ya pili. Nakala za awali. Kumbe kila nilipobadilisha neno, programu iliweka la zamani kando. "Haisahau hii, mama. Ni kama mawifi." Mteja mwingine aliyekuwa anangoja kioo cha simu akacheka naye.

Akachagua moja anionyeshe mfano. Katika mia mbili na kumi na mbili! Kumi na nne Juni, nakala mbili: moja ya siku ileile, moja ya ishirini na nne. Akasoma kwa sauti, kwa ile sauti yake ya biashara: "Mwite mdogo wako. Nimwone."

Akaanza kukunja waya wa chaji ambao haukuhitaji kukunjwa. Yule mteja akatazama barabarani.

Sikuwa na pa kuuweka uso.

Akauliza polepole kama aifute folda ile. Ni kubonyeza mara moja. Nikasema aniwekee faili mbili: moja nzima, moja isiyo na ile folda. Hakuuliza kwa nini. Alipokuwa ananikabidhi simu hakuniita mama tena. Hakuniita chochote.

Jumapili, 9 Novemba

Nimemtumia iliyosafishwa.

Jumatatu, 10 Novemba

Inafunguka vizuri kwake, kila tarehe mahali pake. Amewatengenezea watoto ukurasa wa "Bibi". Amecheka sana kwa ile mifuko ya plastiki, hakuwa anajua. Ujumbe wake umeishia hivi: Asante Dada kwa kunitunzia Mama.

Nimepiga pasi mashuka themanini. Nimeunguza moja. Sijawahi.

Alhamisi, 13 Novemba

Amefika Juni. Nimejua kabla sijaufungua ujumbe.

Kuna moja niliyoisahau. Tarehe kumi na nane. Sikuigusa kwa sababu haina jina la mtu, ni mistari miwili: "Mama amekataa kulala upande wa ukutani. Mchana kutwa anatazama mlango. Nimemwekea mito miwili aone vizuri."

Mito miwili. Niliweza kumwekea mito.

Mdogo wangu ameandika: "Dada, alikuwa anamngoja nani?"

Sijamjibu. Kazini Mama Mvuke ameniuliza mara mbili kama naumwa. Nikasema ni joto.

Ijumaa, 14 Novemba

Mchana nilianza kumwandikia jibu. Muuguzi, nikaandika. Alikuwa anamngoja muuguzi. Linaingia vizuri kabisa, muuguzi alikuwa anakuja Jumatano. Nililitazama lile neno mpaka skrini ikazima yenyewe.

Nikalifuta. Nikamtumia faili nzima, pamoja na ile folda. Chini yake nikaandika: "Zile hazikuwa zote. Soma kumi na nne, kumi na tano na kumi na saba, nakala ya kwanza. Alikutaja. Mimi sikukuita."

Imefika. Imefunguliwa.

Jumamosi, 15 Novemba

Bado kimya. Asubuhi nikafungua ile programu, nione mara ya mwisho. Ukurasa mweupe, shukrani kwa kuwa nasi.

Saa nne shemeji kapiga, mume wa mdogo wangu. Sauti ya chini, kama mtu aliye karibu na watoto. Kasema tangu jana jioni mkewe hakusema neno wala hakula. Alfajiri kavaa viatu, kachukua simu na chaji yake, katoka. Shemeji kaniuliza kuna nini kati yetu. Nikasema mkewe atamwambia mwenyewe. Kisha nikauliza yuko wapi sasa.

"Yuko njiani, shemeji. Anakuja kwako."

Maneno yangu yaleyale.

Nimefagia. Nimeondoa mifuko ya pembetatu kwenye droo, nimeiweka mezani, aichukue yeye. Nimechemsha maji, yamepoa, nimechemsha tena. Sijui atasema nini. Sijui kama atakaa au atasimama pale pale mlangoni. Nimejaribu kuandaa la kusema, kila ninaloandaa lina "lakini" ndani yake.

Saa nane sasa. Nimekigeuza kiti cha Mama kitazame mlango, nimekaa. Kutoka hapa unaonekana wote, mpaka kitasa. Unasikia kila anayepita kibarazani. Huyu ni jirani. Huyu naye si yeye.