Koti la Bluu la Pasaka

Memphis,
9 Mei.

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa upendo na heshima. Hujambo, Mama? Goti linasemaje siku hizi? Na presha je, unameza vidonge au unavificha tena kwenye kopo la sukari? Mimi nimepata nafuu, namshukuru Mungu, na leo nimeona nichukue kalamu badala ya simu, maana kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika nusu. Vaa miwani yako, kaa kitako.

Jumatano ile baada ya kutoka kwako niliamka kifua kinabana na pumzi hainitoshi. Tangu nishuke kwenye basi mguu wa kushoto ulikuwa umevimba, nikajidanganya kuwa ni uchovu wa safari. Marvelle, yule unayemjua kama mpangaji mwenzangu, alitaka tuondoke saa ileile. Nikakataa. Nilioga kwanza, nikapaka mafuta, nikabana nywele, nikavaa soksi ndefu nene na lile koti la bluu ulilonishonea kwa ajili ya Pasaka, lenye vifungo sita vya shaba. Marvelle alisimama mlangoni na funguo za gari akisema tunakwenda hospitali, si kwenye kwaya. Nilitumia dakika arobaini, na kumi katika hizo nilikuwa nimekaa kitandani nikitafuta pumzi ya kufungia vifungo.

Unajua kwa nini nilifanya hivyo. Bibi alipelekwa hospitali moja kwa moja kutoka shamba la pamba, na aproni yake ya matope, wakamwacha kwenye benchi la mlango wa nyuma hadi akakata roho. Wewe ulikuwa na miaka tisa, umemshika mkono. Ndiyo maana ukatufundisha kwamba mtu mweusi haendi kwa daktari na nguo za kazi. Avae vizuri, atabasamu, aseme tafadhali, na asilie, wasije wakasema ana fujo au anatafuta dawa za kulevya. Nilikutii neno kwa neno, Mama.

Mapokezi nilimwamkia muuguzi kwa adabu, nikamwambia nasikia kifua kinabana kidogo tu. Akanitazama koti, akaandika, akaniambia nisubiri. Nikasubiri saa tatu, mikono mapajani. Akaja mama mmoja mzungu, amevaa ndara na gauni la kulalia, analia jengo zima linamsikia, akaingizwa mbele yangu. Simlaumu, alikuwa anaumwa kweli. Lakini na mimi nilikuwa naumwa, na hakuna aliyeniona.

Daktari aliponifikia alisema ni gesi na wasiwasi, akanishauri nipunguze mwili. Habari ya mguu hakuniuliza, nami sikumwambia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi yangu niliyaficha ndani ya soksi. Marvelle akapaza sauti kwamba hajawahi kuniona hivi. Daktari akamuuliza yeye ni nani wangu, nami nikawahi kujibu kwamba ni binamu. Basi binamu akaambiwa akasubiri nje.

Yaliyotokea huko nje nilisimuliwa baadaye. Marvelle alikuwa analia kwenye korido, karibu na ndoo ya mama mmoja mfanya usafi, mweusi mwenzetu, mtu wa umri wako. Yule mama akamuuliza analia kwa ajili ya nani, na Marvelle, kwa kuchoka kudanganya, akamwambia ukweli wote. Mama yule akaegemeza fagio lake ukutani.

"Binti yangu," akamwambia, "rudi ndani ukaseme wewe ni nani. La sivyo utamzika huku ukiitwa binamu."

Akarudi. Mimi wakati huo nilikuwa naona giza, lakini sauti yake niliisikia vizuri.

"Mimi ni mke wake. Mvueni hiyo soksi mwone mguu."

Wakanivua, na hapo ndipo mbio zilipoanza. Damu ilikuwa imeganda mguuni, na kipande kimepanda hadi kwenye mapafu. Koti lako walilikata kwa mkasi, kuanzia mkono hadi kola, na vifungo nikavisikia vikianguka sakafuni kimoja kimoja. Nililala wodini siku sita. Daktari wa zamu ya usiku aliniambia kwamba ningecheleweshwa saa moja zaidi, angekuwa anatafuta namba yako ya simu akupe habari za msiba.

Mama, habari ya koti ilikuwa ya kunipa ujasiri tu, na najua tayari umeshaliona lililo kubwa kuliko koti. Marvelle ni mke wangu. Tulifunga ndoa mahakamani miaka sita iliyopita, siku ya Ijumaa, mvua inanyesha. Jioni ileile ulinipigia simu kuniuliza nitaolewa lini, nikacheka. Kila Krismasi unamtandikia kochi sebuleni, naye hulala pale bila kunung'unika, na asubuhi anakuoshea vyombo. Niliogopa kukupoteza. Kwa woga huo nusura wewe ndiye unipoteze mimi.

Hospitali wamenipa karatasi ya kuandika jina la mtu wa kusema kwa niaba yangu nikishindwa kusema. Miaka yote niliandika lako. Safari hii nimeandika lake kwanza, lako likafuata, na nimelia nikiandika. Usidhani nimekuvunjia heshima. Ulitukinga kwa kile ulichokuwa nacho mkononi, sindano na uzi, na mimi sikulaumu hata chembe. Ila siku nyingine nikiugua nitakwenda na ndara, na nitasema panapouma.

Koti halishoneki tena. Vifungo vyote sita vimo ndani ya bahasha hii. Marvelle alipiga magoti akavikusanya chini ya vitanda, akisema Mama ataviulizia. Ukipata nguvu ya kukaa kwenye cherehani, nishonee jingine. Na moyo wako ukikuruhusu, kata mawili. Vipimo vyake viko nyuma ya karatasi. Ukinyamaza nitaelewa, lakini nitaumia.

Wasalimie kanisani, na meza vidonge vyako.

Ni mimi, binti yako,
Renetta

(Nyuma ya karatasi)
Marvelle. Mabega inchi kumi na sita. Mkono inchi ishirini na tatu. Kiuno amekataa kunitajia, Mama. Utampima mwenyewe.