Bado Wanamchunguza Maulidi

Jumatatu, 13 Januari

Zamu ya asubuhi, naendesha treni. Hjulsta na kurudi, Hjulsta na kurudi. Mlango mmoja uligoma kujifunga pale Rissne, nikatoka kuusukuma kwa bega. Abiria wakanitazama kana kwamba nimewachelewesha makusudi.

Wakati wa mapumziko nilipiga simu idara ya uhamiaji. Kijana wa leo ana sauti nzuri. Maneno ni yale yale: maombi ya mume wangu ya kuja kuishi nasi yapo, uchunguzi wa usalama haujakamilika, hawezi kusema utakamilika lini. Nikamuuliza ni nani anayejua. Akasema hajui ni nani anayejua. Angalau huyu mkweli.

Mwaka wa tatu huu. Maulidi yuko Kigoma, mimi na binti yetu Sauda tuko Rissne, huku Sweden. Tulipopeleka maombi Sauda alikuwa kibogoyo, meno ya mbele yametoka yote. Sasa ananifikia kifuani na anafunga mlango wa chumba chake.

Nimechoka kuwa mpole.

Alhamisi, 16 Januari

Nimekwenda kwa wakili. Anaitwa Lena, ofisi yake iko Sundbyberg juu ya duka la viatu. Mama mtu mzima, anaongea taratibu, hanifanyi mjinga.

Nilivyomwelewa ni hivi. Maombi yakipita miezi sita bila jibu, mwombaji ana haki ya kudai uamuzi. Idara inapewa wiki nne. Ama iamue, ama ikatae kuamua na itoe sababu. Ikikataa, tunakwenda mahakama ya uhamiaji. Dai hilo linaruhusiwa mara moja tu. Na aliyeomba ni Maulidi, kwa hiyo ni Maulidi atakayeshtaki. Mimi ni mke tu.

Halafu akavua miwani.

"Mahakama inaweza kuwalazimisha wajibu," akasema. "Haiwezi kuwalazimisha wakubali. Na mtu akibanwa ajibu haraka, hapana ni rahisi kuliko ndiyo."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, theluji imegeuka matope. Sikufikiria kitu. Nilipofika nikakaa jikoni na koti langu mwilini.

Jumapili, 19 Januari

Nimeongea na Maulidi. Nilidhani ataogopa. Aliyeogopa ni mimi.

Sijawahi kuandika habari hii, acha niiandike. Kabla hatujaoana Maulidi alikuwa dereva wa lori, anapeleka dawa kwenye zahanati za upande wa pili wa ziwa, kule Kongo, Uvira hadi Fizi. Siku moja watu wenye silaha walimsimamisha, wakashusha dawa, wakapanda wao. Wakamwambia endesha. Aliendesha siku kadhaa na mtutu ukiwa kisogoni. Kisha wakamwacha njiani na lori tupu.

Ubalozini Dar es Salaam walimuuliza kama amewahi kuwa na uhusiano wowote na kundi lenye silaha. Akasimulia yote. Yule wa kuuliza aliacha kuandika, akamtazama, akaanza kuandika tena. Tangu siku hiyo tunangoja.

Watu huku wamenipigia kelele sana. Kwa nini alisema? Nani angejua? Hata mimi zipo siku nimemlaani kimoyomoyo. Halafu namkumbuka alivyo. Mtu akimwuliza saa, anamtajia, na kumwambia pia kwamba saa yake hukimbia kidogo.

Nilimweleza onyo la Lena. 

"Mama Sauda," akasema, "mimi si mzigo wa kukaa bandarini. Washtaki."

Jumanne, 21 Januari

Maulidi ametuma karatasi ya kumpa Lena uwakilishi, na sahihi yake. Dai limepelekwa. Nimesikia njaa kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Nimekula ugali mkubwa peke yangu.

Jumatano, 19 Februari

Wamekataa kuamua.

Lena alinisomea kwa simu, mimi nimesimama kwenye ngazi za stesheni. Uchunguzi haujakamilika, kwa hiyo uamuzi hauwezi kutolewa, kwa hiyo dai linakataliwa. Nikamwambia ndicho hicho hicho tunachokilalamikia, kwamba haukamiliki. Akasema ndiyo, na ndicho atakachomwandikia hakimu.

Nikapanda treni, nikaendesha.

Ijumaa, 21 Februari

Rufaa imekwenda mahakamani. Niliuliza siku ya kusikilizwa, nipange likizo. Lena akaniambia hakuna kusikilizwa. Hakuna kusimama mbele ya mtu. Hakimu anasoma, idara inajibu kwa maandishi, hakimu anaamua. Wiki zote hizi nimekuwa nikipanga maneno kichwani, nitasema hivi, nitavaa gauni lile la bluu. Hakuna wa kumwambia.

Nimepitia kwa Nalongo, Hallonbergen. Mganda, anaitwa hivyo kwa sababu alizaa mapacha. Alikuja huku mkimbizi, msichana wa miaka ishirini, sasa mstaafu. Kiswahili chake alikiokota Nairobi njiani.

"Mimi nilingoja serikali yetu ianguke ndio nirudi," akaniambia. "Ikaanguka. Sikurudi. Hii maneno ya kungoja, mwanangu, inakula mtu na ndani."

Nilitaka anifariji. Hakunifariji. Alinipa viazi vitamu nibebe.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimepitiliza.

Stesheni ya Rissne, kwangu mwenyewe. Nilikuwa natazama mbele na sikuwa naona. Nilipokuja kushtuka, jukwaa linakwisha. Nikafunga breki, behewa la kwanza likaingia nusu kwenye handaki. Sikufungua milango. Nyuma yangu nasikia watu wanagonga vioo. Nikaita kwa redio.

Hakuna aliyeumia. Naandika tena: hakuna aliyeumia.

Msimamizi wangu aliniita. Mtu mwema. Akaniuliza kwa adabu kama ni kwa sababu ya mfungo. Nikamwambia nafunga Ramadhani tangu utotoni na sijawahi kupitiliza. Kisha nikamweleza habari za Maulidi, zote, nikilia, kwa Kiswidi kibovu kuliko cha siku zote. Alinipa karatasi za kufutia machozi. Ameniondoa kwenye kuendesha mpaka nionane na daktari.

Sikumwambia Maulidi.

Jumamosi, 15 Machi

Daktari anasema nipumzike. Nipumzike na nini? Nikiwa kazini angalau kuna stesheni inayofuata.

Jumapili, 30 Machi

Idd. Huku leo, Kigoma kesho. Hata mwezi hatuuoni pamoja.

Tulikodi ukumbi Hallonbergen, Watanzania, Wakenya, Warundi, Wakongo. Pilau, sambusa, watoto wanakimbizana na Kiswidi chao. Mzee mmoja wa Bukavu alinishika mkono, akanipa moyo kwa Kifaransa: "courage, dada, courage". Nalongo, Mkristo wetu, alikula kuliko wafungaji wote. Kwa saa moja hivi nilijisahau.

Halafu tukarudi nyumbani tukampigia Maulidi. Sauda akakataa kuja kwenye simu. Nikambembeleza. Nikamkaripia. Akasimama mlangoni kwake na gauni lake la Idd, akaniambia kwa Kiswidi: "Sina la kumwambia. Yeye anauliza shule, mimi nasema nzuri. Kila siku hivyo hivyo. Simjui."

Maulidi alisikia. Kiswidi hajui, lakini sauti ya mtoto wake aliielewa. Akaniambia mwache, mwache tu, mtoto amechoka.

Nilimchukia kila mtu. Nilimchukia hata yeye kwa upole wake.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimerudishwa kazini. Wiki ya kwanza naendesha na mwenzangu pembeni kama mwanafunzi. Nasema kwa sauti jina la kila stesheni kabla sijafika. Mwenzangu hacheki.

Jumanne, 29 Aprili

Tumeshinda.

Lena alipiga asubuhi. Mahakama imesema muda uliopita umezidi, na kwamba idara haiwezi kujificha nyuma ya uchunguzi usio na mwisho. Iamue haraka iwezekanavyo. Alinisomea sentensi hiyo mara mbili kwa sababu nilimwomba.

Maulidi alipiga kelele kwenye simu mpaka dada yake akaja mbio akidhani kuna msiba. Akasema kesho anakwenda kununua koti. Nikamwambia Kigoma hakuna koti la Sweden. Akasema atanunua la mtumba, la mzungu aliyekufa kwa baridi. Tulicheka. Sikumbuki mara ya mwisho tulicheka lini.

Nimepanga upya kabati. Nguo zangu zote upande mmoja.

Alhamisi, 8 Mei

Kimya. Lena anasema haraka yao si haraka yetu. Maulidi ananiuliza ukubwa wa chumba, kama ghorofani maji hupanda. Ameacha kuchukua safari ndefu za lori, asije akaitwa akiwa mbali.

Usiku wa huku hauwi usiku sasa, mwanga hauishi. Nalala vibaya.

Alhamisi, 22 Mei

Wamemnyima.

Lena hakutaka kunieleza kwa simu, akaniita ofisini. Nilijua tangu aliposema njoo. Maoni ya watu wa usalama ni kwamba asiruhusiwe. Sababu ni siri. Nikauliza siri kwa nani. Kwangu, kwa Maulidi, na kwa sehemu kubwa hata kwake yeye wakili. Imeandikwa tu kwamba kuna mambo yanayohusu usalama.

Nikamwambia mambo hayo aliwapa mwenyewe. Kwa mdomo wake. Bila kuulizwa mara ya pili.

"Najua," Lena akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. Sikutaka macho yake yawe mekundu, nilitaka aniambie nimekosea kusikia.

Wiki tatu za kukata rufaa.

Nimempigia Maulidi nikiwa kwenye benchi nje ya duka la viatu. Nimemwambia kwa maneno machache kadiri nilivyoweza. Hakulia, hakutukana. Akauliza kama nimekula.

Ijumaa, 23 Mei

Nimeomba udhuru, sikuendesha. Nimelala mchana kutwa na pazia limefungwa. Sauda alitoka shule akanikuta. Nikamwambia baba haji. Akasema "okej". Baadaye nikamsikia chumbani kwake, amewasha muziki juu sana, na chini ya muziki kuna kilio.

Je, tungengoja? Je, mwaka mmoja tu zaidi, wawili, ile "ndiyo" yao ingeiva? Sitajua. Hakuna atakayeniambia. Naichukia mahakama iliyonipa ushindi.

Jumamosi, 31 Mei

Maulidi alipiga mwenyewe. Sauti yake ilikuwa imetulia, kama mtu aliyekwisha fanya hesabu zake.

Anaomba tusikate rufaa.

Nikabisha. Nikamwambia Lena yuko tayari, nikamwambia zipo kesi zilizogeuka. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Mama Sauda," akasema, "wale watu walinishika siku chache tu, wakaniacha. Hawa wamenishika miaka. Kila nikilala nahesabu niliyowaambia, natafuta neno lililoniponza. Sitaki tena kuwaeleza watu kwamba mimi si muuaji. Nakuomba. Niache niwe dereva."

 

Nilimwuliza, basi sisi? Akasema mtakuja shule zikifungwa. Nikamwuliza, na baada ya hapo? Akasema mtakuja tena.

Jumanne, 10 Juni

Nimemwambia Lena hatuendelei. Alitaka kuhakikisha ni matakwa ya Maulidi, si yangu. Nikasema ni yake. Yangu sijui ni yapi. Tulishikana mikono mlangoni, akaendelea kuushika wangu muda mrefu kidogo kuliko ilivyo desturi ya watu wa huku.

Nimefikiria kuhama. Nimefikiria sana. Sauda anasoma Kiswidi, anaota kwa Kiswidi. Mimi nitaendesha treni gani Kigoma? Kila ninapoanza kufikiria, naishia pale pale, kwamba kuna mmoja wa kung'olewa, na hatuna wa kumchagua.

Nimekata tamaa. Nadhani ndiyo hii. Si maumivu makali. Ni kama chumba ambacho kimetolewa vyombo.

Jumapili, 22 Juni

Jana ilikuwa sikukuu yao ya kiangazi, mji mtupu, watu wote wamekwenda mashambani. Leo sina zamu. Nimechemsha maharage, nimefua, nimefungua madirisha.

Maulidi alipiga mchana. Paa la upande wa jikoni linavuja, amepata fundi, fundi anataka kubadili bati zote na yeye anaona mbili zinatosha. Nikamwambia abadili zote, fundi akirudi mara ya pili atakuja na kiburi. Dada yake anaozesha mwezi wa nane. Dagaa mwaka huu wachache, wadogo. Lori alilopewa sasa ni jipya, gia laini, kiti kinapanda na kushuka. Nikamweleza kuhusu jirani wa juu aliyenunua mbwa. Tukabishana kidogo kama mbwa wa ghorofani anaweza kulinda kitu.

Akasema anakwenda kupakia. Nikasema haya, safari njema.

Nilipoweka simu mezani ndipo nikatambua hatukutaja idara, wala wakili, wala kuja. Hata kidogo. Ni mara ya kwanza tangu tupeleke maombi. Tuliongea vizuri. Tuliongea kama mtu na mke wake ambao kila mmoja ana kwake.

Nikazima jiko. Maharage yalikuwa yameiva.