Graham Kamsifu Marehemu Asiyemjua

Shoga Maureen, uko wapi? Mume wangu kaniua leo!

Mchana tumeingia baa moja ya kijijini huku Shropshire. Graham kaona meza imejaa pai za nyama na soseji. "Wenyeji wakarimu hawa!" Akala pai tatu. TATU!

Kumbe watu wametoka kuzika. Kuzika, Maureen! Baa nzima imevaa nyeusi, yeye haoni ila pai.

Mara mjane akamjia. "Baba, hebu sema neno kuhusu Wilfred wangu."

Graham mdomo umejaa, jasho linamtoka. Mimi natamani ardhi inimeze. Akameza, akasimama. "Wilfred alikuwa mtu wa watu. Mkarimu. Hakuwahi kumnyima mtu chakula."

Mzee mmoja akapaliwa na bia kwa kicheko. Wengine wakainamia glasi zao, mabega yanatikisika.

Graham aibu ikamshinda, akamwendea mjane. "Mama, nisamehe. Sikumjua mumeo hata kidogo. Nilifuata pai."

Unajua mama wa watu kasemaje? Alimpangusa makombo kwenye tai, akamwambia taratibu, "Najua, baba. Waliomjua wote wamekataa kusimama."