Kwelea wa Jafari

Jumatatu, 4 Mei

Pasipoti saizi tangu asubuhi. Wote wamefumba macho. Watu wa Ihumwa wakiona flashi wanadhani radi. Nimemwambia mzee mmoja, "Fumbua, babu, hapa siyo kanisani." Akaniambia nina mdomo. Ninao, na picha yake imetoka safi.

Habari kubwa. Mama Glori mwenye studio kapata kazi ya Mtumba. Kuna ofisi mpya huko inataka picha kumi na mbili za kutundika kwenye korido. Picha za watu, ila kila mtu afanane na ndege wa porini wa huku kwetu. Siyo kuvaa manyoya kama kichaa. Rangi, mkao, jicho. "Umwangalie mtu, umwone ndege," kasema Mama Glori.

Nani atazipiga? Mimi, nikajijibu moyoni. Huu mwaka wangu wa tatu hapa. Shule niliachia kidato cha pili, lakini mwanga naujua kuliko mwalimu wangu wa fizikia, na hilo hata yeye analijua. Mama Glori hakunitazama hata. Kasema: wewe na Jafari, kila mtu aniletee picha moja. Itakayonigusa, mwenyewe atapiga zote kumi na mbili. Mwingine atashika rifrekta.

Rifrekta ni lile duara la rangi ya fedha la kumrudishia mtu mwanga usoni. Kazi ya mwenye mikono mirefu na akili fupi. Yaani Jafari. Katoka Kondoa juzi tu, baada ya Idi. Bado anafuta lenzi kwa fulana.

Namhurumia.

Jumatano, 6 Mei

Nimemaliza mchezo mapema.

Neema wa saluni ya jirani kakubali kuwa tausi wangu. Mkia nimeutengeneza mwenyewe: vitenge vya kijani, sidii za zamani za kwaya nilizoazima kwake, waya wa uzio. Umejaa ukuta mzima. Neema akasema, "Yona, nikipiga chafya huu mkia unaniua." Nikamwambia kufa mrembo siyo kufa. Kacheka. Nimepiga mpaka betri ikazima.

Jafari kakaa mlangoni anaangalia, analamba midomo. Wivu ule. Mtu akiwa na wivu mdomo unakauka, nimemwona.

Alhamisi, 7 Mei

Siku mbaya.

Mama Glori kaishika picha, kapandisha miwani. "Tausi umemwona wapi, Yona?"

Nikasema kwenye nyimbo. Kwenye kadi za harusi. Nani hamjui tausi?

"Porini, baba. Porini umemwona wapi? Chamwino? Manyoni?"

Nikafikiri. Nikafikiri tena. Sijamwona. Baba hakuwahi kumwona. Hakuna mtu Dodoma nzima aliyekwenda kuchanja kuni akakutana na tausi. Ni ndege wa kuletwa, wa kwenye bustani za wakubwa. Tunamwimba toka utotoni utadhani kaanguliwa Kongwa.

Jafari kafunika mdomo. Mabega yakawa yanacheka.

Mama Glori kanipa nafasi nyingine. Halafu kaharibu. Kasema Jumamosi twende wote wawili Mvumi, kwa kina Yona, uwele umeiva na ndege wako huko. Jafari hata hajaanza! Na sasa mimi ndiye nimpeleke adui nyumbani kwetu. Labda nimbebee na begi.

Neema kaniuliza sidii zake zitarudi lini. Nikajifanya natafuta betri.

Jumamosi, 9 Mei

Mvumi. Naandika nikiwa nyuma ya zizi. Sitaki kuona mtu.

Mama alikuwa shambani tangu alfajiri. Msimu huu hakuna anayekaa nyumbani, ni kuwinga ndege tu. Yuko juu ya dungu, lile jukwaa la miti katikati ya uwele, na kombeo lake na debe la kugonga. Kwelea wanashuka kama moshi. Wakinyanyuka umebaki na mabua. Huku kwetu ukimwita mtu kwelea umemwita mwizi asiyeshiba, na mnaweza kupigana.

Tumefika. Jafari kavua kofia. "Mbukwenyi, Mama!" Sijui nani kamfundisha. Kigogo cha kutafuna mawe. Mama akafurahi kama kaletewa mkwe.

"Huyu mtoto ana adabu. Wewe hata salamu hujatoa, unaulizia chakula."

Ni kweli niliulizia. Lakini ndiyo aseme mbele ya Jafari?

Mchana ugali wa uwele na mlenda. Nilisubiri Jafari aukimbize mlenda mpaka kiwikoni kama wageni wote. Wapi. Anakula vizuri kuliko mimi. Mama kampakulia tena. Mimi sikuulizwa.

Nikachukua kamera nikaondoka. Mjomba Lazaro ana shati jeusi la madoa meupe, nikasema huyu kanga huyu. Akasimama wima kama yuko mbele ya mtendaji wa kijiji. Nikamwambia, "Mjomba, fikiria wewe ni kanga." Akasema, "Wa kuchoma au wa mchuzi?" Nikapiga hivyohivyo.

Nikiwa narudi nikasikia kicheko kutoka kwenye dungu. Cha Mama. Kile kirefu, cha kuishia na kikohozi. Nilikuwa nimekisahau. Jafari kasimama kwenye ngazi ya dungu, kamera jichoni.

Kumbe kamuuliza swali moja tu. Mama, ndege gani unamjua kuliko wote? Mama kasema, "Hawahawa wezi wangu." Akaanza kumwonyesha. Jinsi kwelea anavyokaa kwenye suke: shingo ndani, mgongo umepinda, jicho la pembeni, punje mdomoni, miguu imeshaondoka kabla hajaondoka. Na kwa kuwa kwelea ana mdomo mwekundu, Mama akavua shanga zake nyekundu za shingoni akazing'ata.

Mama yangu. Mzee wa kanisa.

Nikasema Mama shuka, watu wanaona. Hakunisikia. Alikuwa anamwonyesha Jafari anavyoruka.

Jumapili, 10 Mei

Nimejifariji kwenye basi. Kwelea! Nani atatundika kwelea ofisini? Serikali inawanyunyizia sumu kila msimu. Mama Glori atamfukuza Jafari na picha yake. Kanga ni ndege wa heshima. Hata kitambaa kina jina lake.

Jafari kalala njia nzima. Mdomo wazi. Alipewa karanga na Mama, kazishika mkononi kama cheti cha kipaimara. Karanga zetu.

Jumatatu, 11 Mei

Ya kwanza yangu. Mama Glori: "Huyu ni mtu aliyevaa shati."

Basi. Kazi nzima hiyo, maneno matano.

Ya Jafari kaipeleka dirishani kwenye mwanga. Aliiangalia tu. Akaenda kumwita Neema saluni, Neema akaja na kitana mkononi, akasogea, akarudi nyuma. "Huyu mama anaruka sasa hivi," kasema. "Msimsogelee."

Na mimi niliona. Hilo ndilo linaloniuma. Ningekuwa mjinga nisingeona, ningelala. Kanga ya kahawia imembana mabegani, makunyanzi ya mkono kama michirizi ya manyoya, shanga nyekundu kwenye midomo, na lile jicho. Jicho linalojua jiwe litatoka wapi. Nyuma yake uwele tu, umefifia. Mwanga umemwingia kwa pembeni. Hata rifrekta hakutumia, mshenzi.

Nina wivu. Nakubali. Nina wivu mpaka meno yananiuma. Jafari akinipita nasikia harufu ya sabuni yake nataka kuimwaga. Angempiga picha mama yake! Kondoa hakuna akina mama?

Lakini studio hii ina utaratibu. Picha ya mtu haitoki humu kwenda kutundikwa mpaka mwenye sura aione kwa macho yake na akubali. Mama Glori hana mchezo na hilo. Kasema nipeleke mimi, kwa kuwa ni mama yangu.

Nikauliza, akikataa?

"Akikataa, Jafari hana picha. Tunarudi kwa kanga wako, tumpige upya vizuri, na kazi inakuwa yako."

Jafari kanitazama. Mara ya kwanza nimeona hacheki.

Jumanne, 12 Mei

Nimekwenda na picha ndani ya bahasha ya kaki. Njiani nimepanga maneno.

Sikumpa kwanza. Nilianza kuzungumza. Mama, ile picha wanataka kuitundika Mtumba. Wakubwa watapita hapo. Watauliza huyu nani, wataambiwa ni kwelea. Watakucheka. Na huku kijijini habari itafika, utaitwa kwelea mpaka kaburini. Mama mkubwa alikuwa anapepeta uwele pembeni, akaniunga mkono bila kujua. "Ee, mdogo wangu, kataa. Mtu akuite mwizi wa uwele na wewe unalima?" Nilitaka kumkumbatia mama mkubwa.

Mama akafuta mikono. "Lete nione."

Kaishika mbali, kisha karibu, kisha mbali. Nilisikia ungo wa mama mkubwa umesimama. Akaja kuchungulia, akashika kiuno. "Haki ya Mungu. Ni wewe. Ndivyo ulivyokuwa unakaa, kabla hujaolewa. Ukiiba nyama jikoni."

Wakacheka wote wawili mpaka wakashikana.

"Watucheke," kasema Mama. "Hawa ndege nimewatukana tangu nikiwa msichana. Wamekula mali yangu yote. Acha na mimi siku moja nipate kitu kwao. Mwambie huyo mama nimekubali."

Halafu akasema, bila ubaya, alikuwa anaokota kombeo arudi shambani: "Na wewe, fundi mkubwa, unazo zangu ngapi kwenye simu?"

Nikasema nyingi.

Nimepekua tangu saa ile. Bajaji zenye stika. Viatu vyangu vipya. Neema kwa mbele, Neema kwa upande. Mimi, mimi, mimi na miwani. Moja tu ipo ya Mama. Siku ya kipaimara changu. Nimesimama katikati na shati jeupe, na yeye yuko pembeni, sikio na nusu ya kilemba. Nilimkata mwenyewe, ili nikae katikati vizuri.

Jumatano, 13 Mei

Nilivyoingia studio Mama Glori alikuwa anabadilisha pazia la nyuma. Jafari anafagia. Hakuna aliyefagia hivyo tangu nianze kazi hapa, alikuwa anafagia palepale palipokwisha kuwa pasafi.

"Enhe?"

Neno lilikuwa mdomoni. Amekataa. Ni neno dogo, lingetoka lenyewe. Mama hana simu ya maana, Mvumi ni mbali, nani angekwenda kuuliza? Nililipanga kwenye basi, nikalipamba: kakataa huku analia. Nilikuwa nimeshachagua na kuta za kupigia kanga.

Nikaona lile jicho la pembeni, la Mama.

Nikasema, "Amekubali. Kasema mumtundike panapoonekana."

Jafari kaweka ufagio chini, kaja kunishika mkono. Nikampa. Nikamwambia asijisifu sana, nusu ya ile picha ni sura, na sura ni ya kwetu. Akasema, "Kweli, kaka." Hakubisha hata. Ndiyo maana simpendi.

Ijumaa, 22 Mei

Tumepiga hondohondo leo. Ni muuza kahawa mwenye pua kubwa kama mdomo wa ndege huyo. Jafari kapiga, mimi nimeshika rifrekta. Mikono inauma. Ni kazi ngumu kuliko nilivyosema, ila hilo sitamwambia mtu. Jafari alitaka kumweka kwenye jua la mchana, nikasogeza duara bila kumwuliza, kivuli kikatoka puani. Kaona. Kasema asante.

Bado roho inaniuma. Leo kidogo chini ya jana. Kesho sijui.

Alhamisi, 11 Juni

Tumetundika.

Korido ndefu, bado inanuka rangi. Jafari na Mama Glori walikuwa upande wa pili wanabishana kuhusu korongo. Ya Mama niliomba niitundike mwenyewe. Nikapima kwa kamba, nikapiga msumari, nikarudi nyuma kuangalia kama imelala sawa. Imelala sawa.

Akapita dada mmoja wa ofisini na mafaili kifuani. Akasimama. Alikaa pale muda, mpaka nikamaliza kukunja ngazi.

"Hii nani kapiga?"

Nilitazama kushoto, kulia. Jafari yuko mbali, hasikii.

"Jafari," nikasema. "Yule kule, mwenye fulana ya bluu."

"Na huyu mama ni nani? Mnamjua?"

"Mama yangu."

Akaniangalia mimi, akaiangalia picha, akaniangalia tena. Akasema tunafanana macho. Kisha akaenda zake.

Nikaokota nyundo. Ilibaki misumari minne.