Elfu Hamsini kwa Mwandiko Wangu

Wewe uliyelishika daftari hili, nakusihi ulifunge. Kama umeshasoma mstari huu, ishia hapa, na usimwambie mtu yeyote wa ofisini wala mama mwenye nyumba. Nina miezi mitano tu kazini, na bado niko kwenye majaribio.

Jumatatu, 4 Agosti

Upepo tangu asubuhi. Vumbi juu ya mizani, vumbi juu ya mihuri. Vifurushi kumi na tisa kabla ya saa nne, vingi tangawizi kavu ya kwenda Dar es Salaam, na simu mbili zilizoandikwa "nguo". Thamani: elfu ishirini, elfu ishirini, elfu thelathini. Ndivyo tunavyoandika hapa. Thamani ikipanda, gharama nayo inapanda, na ikizidi laki tano lazima meneja asaini. Mteja anasema, "Weka ndogo, dada," nami naweka ndogo. Nilifundishwa hivyo siku ya kwanza.

Saa tano akaingia Mwalimu Mbonea wa Mamba, kijiji cha kule milimani. Anafundisha hisabati shule ya msingi, na analima tangawizi. Mwezi wa tano alituma kupitia kwetu kadi moja ya mchezaji mpira, picha ndogo ya karatasi ngumu. Aliipata akiwa mwanafunzi, zawadi ya mwalimu mgeni kwa kuwa wa kwanza darasani. Wakati ule mchezaji huyo hakuna aliyemjua. Sasa anajulikana dunia nzima. Iko kampuni ng'ambo inayokagua kadi kama hizo. Inazipa alama, moja hadi kumi, na kuzifungia kwenye plastiki ngumu, ndipo mnunuzi anaziamini. Ada yao inategemea thamani unayoitaja mwenyewe.

Alinipa simu nimsomee barua pepe yao. Kadi ni halisi. Imepata tisa. Nikaanza kutabasamu. Halafu mistari ya chini: thamani iliyotajwa ni ya uongo, mtumaji ametaja ndogo ili akwepe ada, atalipa ada ya daraja la juu pamoja na faini, na kadi inazuiliwa hadi alipe. Jambo hili lisipomalizika mwezi huu, kadi itahesabiwa kuwa imetelekezwa.

Mwalimu akasema polepole, "Mimi nilitaja milioni tatu. Ada ya milioni tatu nitalipa. Faini ya mwongo silipi."

Nikamwambia nitaangalia faili.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeangalia. Nakala za kaboni, fomu yao na fomu yetu. Elfu hamsini. Mwandiko wangu, ule niliosifiwa chuoni.

Nakumbuka yote. Gari la Arusha lilikuwa limeshawasha injini. Meneja hakuwepo. Mwalimu alisema milioni tatu, nikadhani anaota. Picha ya karatasi. Nikamhurumia asilipe gharama kubwa bure. Na niliogopa kumpigia meneja simu. Huruma kidogo, woga zaidi. Akasaini chini bila kusoma, kwa kuwa aliniona nimeshasoma.

Kwetu sisi, kuandika ndogo ni kumsaidia mtu. Sikujua kwamba kwa watu wale namba hiyo ndiyo neno la mtumaji.

Sijala mchana.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemwambia meneja. Sikuweza kukaa nalo. Alisikiliza hadi mwisho, akafunga faili, akanisogezea soda yake ambayo hajaigusa. Akasema mteja alitaja, karani akaandika, saini ya mteja iko pale. "Ndivyo ilivyo kila siku, na ndivyo utakavyosema ukiulizwa." Kisha akanikumbusha kwamba majaribio yangu yanaisha mwisho wa mwezi, na kwamba yeye ndiye anayejaza fomu.

Hakupandisha sauti. Angekasirika ningeogopa kidogo zaidi na kulala vizuri zaidi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Ofisi imefungwa. Nimefua nguo zote, hata zile safi.

Mama Nakijwa, mwenye nyumba, amepata wageni kutoka Ugweno. Uani wamejaa. Wanaongea Kipare na Kigweno, wanacheka. Nikipita wanageukia Kiswahili, wananiuliza hali, kisha wanasahau na kurudi kwenye lugha zao. Siwalaumu. Nimeletewa sahani ya makande mlangoni. Nimekula nimekaa kitandani.

Nimepiga simu nyumbani, Tunduru. Mama ameuliza kama nimepata marafiki. Nikasema wengi. Akataka majina. Nikataja ya wateja. La kwanza lililonijia ni la Mwalimu Mbonea.

Jumatatu, 11 Agosti

Siku mbaya kuliko zote tangu nifike mji huu wa Same.

Mwalimu alikuja kabla hatujamaliza kufagia. Amevaa koti. Akaomba nakala ya fomu ili awajibu wale watu. Meneja akatoka mwenyewe kuja kaunta. Watu walikuwa sita kwenye foleni, wote wakisikiliza. Meneja akasema ofisi haiwezi kubeba lawama ya mtu aliyetaja elfu hamsini kwa mdomo wake.

Dereva mmoja wa bodaboda akadakia, "Mwalimu, picha ya mpira milioni tatu? Mimi ninayo ya harusi yangu, nipe laki tu."

"Ya harusi yako haifai," Mwalimu akamjibu, "bwana harusi hata kusimama hakuweza."

Watu wakacheka, na yeye akacheka nao. Kisha akaacha kucheka, akanigeukia mimi.

"Binti, uliyeniandikia ni wewe. Nilitaja shilingi ngapi?"

Meneja alikuwa nyuma yangu. Nilisikia anavyopumua.

"Sikumbuki, mwalimu."

Aliniangalia kama anavyomwangalia mtoto anayejua jibu. Hakuuliza tena. Akachukua nakala, akaikunja mara mbili, akatoka. Yule wa bodaboda akamwita apande, akakataa. Nilimwona anatembea kuelekea stendi huku ameshika koti lisipeperuke.

Jumanne, 12 Agosti

Nakumbuka. Nakumbuka hata rangi ya shati alilovaa siku ile.

Alhamisi, 14 Agosti

Meneja amejaza fomu yangu ya majaribio, akanionyesha kabla hajaipeleka. Uhudhuriaji, mzuri. Mwandiko, mzuri sana. Uaminifu, mzuri sana.

Nikasema asante. Nikaenda chooni nikakaa humo muda mrefu.

Mchana wenzangu wawili walikuwa wanamcheka Mwalimu, kwamba sasa huko Mamba wanamwita Milioni. Wazazi wa wanafunzi wake nao wanamwita hivyo. Wamesikia kuwa kampuni ya Wazungu imemwandikia kuwa ni mwongo. Nilitaka kusema kitu. Nikagonga mihuri.

Jumamosi, 16 Agosti

Tumefunga saa sita. Nimepanda Mamba.

Njia ni kona tupu. Dereva alinipa koti lake tulipofika juu kwenye baridi. Nyumba ya Mwalimu inajulikana, sikupotea. Yeye na mkewe walikuwa wanaosha tangawizi kwenye mabeseni makubwa, maji mekundu kwa udongo. Nikawaamkia. Wakaitikia. Nikasema papo hapo, kabla sijakaribishwa, maana ningekaa nisingesema.

"Mwalimu, ulitaja milioni tatu. Mimi niliandika elfu hamsini."

Aliendelea kusugua kipande kimoja hadi kikawa cheupe.

"Jumatatu ulisema hukumbuki."

"Niliogopa."

"Na leo?"

"Leo pia naogopa."

Mkewe akamwambia kitu kwa Kipare, kirefu. Kisha akanigeukia kwa Kiswahili, akasema nikae, mgeni hasimamishwi kama nguzo ya umeme. Akasema yeye mwenyewe aliwahi kutaka kuiwashia moto hiyo kadi, siku kuni zilipokuwa mbichi, na angeiwasha, leo pangekuwa na amani. Mwalimu akacheka kidogo. Mimi sikuweza.

Nilianza kuomba msamaha, akanizuia. Hakutaka msamaha, alitaka karatasi. Akasema Kiingereza changu ni kizuri kuliko chake, niandike nilivyomwambia. Nikaandika kwenye meza yao ya chakula. Aliyetaja thamani ni yeye. Aliyeandika namba nyingine ni mimi. Yeye hakujua. Akasoma kila neno kwa kidole. Mahali nilipoandika "kwa bahati mbaya" akasimama.

"Haikuwa bahati mbaya. Futa."

Nikaandika upya bila maneno hayo. Nikasaini jina langu lote. Akaipiga picha, akaituma kwa ile kampuni nikiwa naona.

Wakati wa kuondoka mkewe alinifungia tangawizi mbichi kwenye mfuko. Nikasema asante mara tatu.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimempa meneja nakala ya ile barua asubuhi, kabla sijatua mkoba. Afadhali aisikie kwangu. Aliisoma amesimama, akairudia.

"Wewe umesoma sana," alisema.

Hakuniita jina asubuhi nzima. Saa nane akanipa bahasha. Majaribio hayakuridhisha. Nimekabidhi mihuri, funguo, kitabu cha risiti. Foleni ilikuwa ndefu, na mwenzangu akasogea tu kwenye kiti changu, akaita anayefuata.

Nimefika nyumbani jua bado kali. Sijawahi kukiona chumba changu saa hizo. Mwanga unaingia hadi ukutani.

Sijamwambia Mama.

Alhamisi, 28 Agosti

Nimeamka, nimefagia, nimepeleka barua mbili za kuomba kazi. Kodi imelipwa hadi mwezi wa kumi. Siku nyingine sisemi neno hadi jioni.

Leo Mwalimu amepiga simu. Wale wa kampuni wamejibu. Faini imefutwa. Analipa ada ya thamani aliyoitaja, ile ile aliyosema tangu mwanzo, na kadi inatumwa. Wameandika kwamba taarifa yake haikuwa ya uongo. Akanisomea sentensi hiyo kwa Kiingereza, polepole, kisha akairudia. Nikamwambia nimeisikia vizuri.

Hajaamua kama ataiuza. Kwanza anataka kuipeleka shuleni wanafunzi waione. Kisha akasema ataniletea na mimi niione, kwa sababu niliishika mara moja tu, na sikuiangalia. Ni kweli, sikuiangalia. Akauliza, "Ofisini hupo tena. Nitakupata wapi?"

Nikaanza kueleza, nikakwama. Nimekaa mji huu miezi mitano na nusu, na sijawahi kumwelekeza mtu yeyote ninapokaa. Nikasema nitamwandikia. Najaribu hapa kwanza, nisikosee.

Ukishuka stendi usichukue bodaboda, ni karibu. Vuka reli. Shika njia yenye ua wa minyaa pande zote mbili, upite msikiti mdogo, upite mashine ya kusaga. Baada ya mashine pinda kushoto. Nyumba ya tatu, geti la bati lisilopakwa rangi. Uliza kwa Mama Nakijwa, usiulize jina langu, hawalifahamu. Ingia hadi uani. Chumba cha mwisho, mlango unaotazama mlima. Piga hodi kwa nguvu, jirani ana cherehani. Siku yoyote, saa yoyote ya mchana. Nipo.